Msumari Ulioingia Kirahisi

Walimwita Mshumaa, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliotazama barabara, na ndani hamkuwa na taa, soketi wala waya. Alifanya kazi kukiwa na mwanga. Mwanga ukiisha, alifunga. Mafundi wenzake walikuwa na mashine za kuranda, za kukata na za kutoboa. Yeye alikuwa na randa mbili za mkono, misumeno mitatu, patasi zilizonolewa mpaka zikafupika, na nyundo ambayo mpini wake ulikuwa umelika kufuata vidole vyake. Nyumbani, balbu ikiungua, mkewe ndiye aliyepanda kwenye stuli kuibadilisha, naye Mshumaa alisimama mlangoni akimsisitizia avae viatu. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya umeme iliunguruma sebuleni kutwa nzima, na kwa miaka ishirini na sita ya ndoa mumewe hakuwahi kuigusa, hata ikiwa imechomolewa. Watoto walilifanya hilo utani wa nyumbani. Yeye alicheka nao, lakini hakuigusa.

Hofu hiyo aliipata akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akijifunza kazi kwenye karakana kubwa ya samani, siku moja mvua ikapenya paani na sakafu ikalowa. Msimamizi wao, mtu mnene aliyependa kuimba akifanya kazi, akaishika mashine ya kuranda ili aisogeze pakavu. Wimbo ukakatika. Wengine walidhani amesita tu, kuna jambo analiwaza. Mshumaa alikuwa amesimama mbele yake, akauona mdomo uko wazi na sauti haitoki, na macho yamemkazia yeye. Aliokota ubao akaupiga ule mkono mpaka ukaachia. Yule mtu alipona, ila vidole viwili havikukunjuka tena. Mshumaa alimalizia mafunzo yake kwenye kona ya mbali kabisa na mashine, na siku alipopata cheti aliaga.

Kwa hiyo mwalimu wake wa darasa la tatu alipomwita amtengenezee bafu, jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa swichi kuu iko wapi.

Mwalimu alikuwa amestaafu zamani. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kiharusi kilikuwa kimemgusa mwaka uliotangulia, kikamwachia mkono wa kushoto mzito na mguu unaoburuta kidogo, ila akili na ulimi havikuguswa. Alimwita Mshumaa "kijana", ingawa kijana mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili na kichwa kimejaa mvi, na Mshumaa kila alipofika kwenye mlango wa nyumba ile alijikuta akichomekea shati. Mwalimu aliishi na binti yake, mjamzito wa miezi minane, aliyekuja kukaa kwa mama yake mpaka ajifungue. Mgongo ulimsumbua huyo binti, na dawa pekee aliyoikubali ilikuwa maji ya moto. Alioga mara nne kwa siku.

Bafu lenyewe lilikuwa limechoka. Lipu ilikuwa imevimba na kupasuka, rangi inabanduka vipande vipande, na vigae vilikuwa vikianguka kimoja kimoja. Kimoja kilianguka Mwalimu akiwa ndani, kikamkosakosa mguu. Hakutaka vigae vingine. Alisema ameshalala hospitali vya kutosha, hataki tena kuvua nguo kwenye chumba cheupe kinachonuka dawa. Alitaka mbao ukutani, mbao zenye rangi ya mbao.

Mshumaa hakumficha kitu. Alimwambia mbao na maji havipatani ila mbao zikiachiwa nafasi ya kupumua. Pale chini ya bomba la kuogea patabaki vigae, atavibandika upya. Mbao zitakaa kwenye kuta tatu zilizobaki. Hazitagusa sakafu, na nyuma yake lazima upite upepo, la sivyo zitaoza kimyakimya na yeye ataonekana tapeli. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja tu, kwamba ataanza lini.

Alichagua mwerezi, mbao nyembamba zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili kila ubao uchomekwe kwenye mwenzake. Alizisimamisha bafuni wiki nzima bila kuzigusa, zizoee hewa ya mle. Kisha akazipaka mafuta mbele, nyuma na ndani ya mfereji, maana unyevu, alisema, huingia kwa mlango wa uani. Kila asubuhi binti wa Mwalimu alizima swichi kuu, na Mshumaa hakuvuka kizingiti cha bafu mpaka aone taa ya sebuleni imezimika. Barafu ya jokofu iliyeyuka, binti akanung'unika, lakini Mwalimu alisema mtoto huyu alikuwa mwoga tangu darasani na bado aliandika vizuri kuliko wote.

Kabla ya mbao huja papi, vipande virefu vya mti vinavyopigiliwa ukutani kwa misumari ya zege, na mbao hushikiliwa na hizo papi. Siku ya tatu alikuwa akipigilia papi ya ukuta wa kushoto, upande uliokuwa na hita ya maji. Msumari wa kwanza uliingia kwa shida, kama ilivyo kawaida ya msumari wa zege. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne aliupiga mapigo mawili ya shida, na pigo la tatu ukaingia wenyewe, laini, kama umezama kwenye mche wa sabuni.

Mkono ulisimama. Mshumaa aliutazama ule msumari. Jasho lilikuwa likimtiririka, papi nyingine sita zilikuwa zikimngoja, na pale sebuleni aliwasikia Mwalimu na bintiye wakizungumzia kitanda cha mtoto. Akajisemea kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, "Lipu imeoza hapa." Akaupiga pigo la mwisho, akahamia kwenye papi iliyofuata.

Alimaliza siku ya sita. Mwisho kabisa, kwa kuwa Mwalimu aliogopa kuteleza, alimfungia mshikio wa chuma kwenye ukuta ule ule wa kushoto, mahali mkono unapofika mtu akitoka kwenye maji. Aliufunga kwa skrubu ndefu zilizopita kwenye ubao zikazama kwenye papi, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote kuupima. Haukutikisika. Mwalimu aliingia, akanusa harufu ya mwerezi, akapapasa maungio kwa ncha ya kidole akitafuta kosa, hakuliona. Binti aliwasha swichi kuu. Mshumaa alikuwa ameshafika barabarani.

Siku nne zilipita. Alasiri ya siku ya nne alikuwa karakanani akipigilia fremu ya mlango, kazi ya kawaida, akili haipo. Mti wa ile fremu ulikuwa na sehemu iliyoliwa na wadudu, na msumari ulipofika hapo ukazama wenyewe, laini.

Nyundo ilibaki hewani.

Kile alichokuwa amekifukia kwa siku saba kilimjia chote kwa mara moja. Aliiona swichi ya hita, nje ya mlango wa bafu, usawa wa bega. Akaiona hita yenyewe, mwisho wa pili wa ukuta wa kushoto. Siku zote hizo alikuwa amejiaminisha kwamba waya unashuka kutoka darini. Lakini pale juu ya hita hapakuwa na alama yoyote ya waya kushuka, lipu ya hapo alikuwa ameikwangua mwenyewe kwa tindo. Waya ulitoka kwenye swichi ukapita ukutani kwa mlalo, usawa wa bega, moja kwa moja mpaka kwenye hita. Na pale usawa wa bega ndipo alipopiga msumari wa nne. Na mbele ya ule msumari, kwenye papi ile ile, amefunga chuma, akamwambia bibi wa miaka sabini na minne akishike kwa mkono ulioloa.

Alitafuta simu mifukoni, akaikuta kwenye sanduku la misumari. Simu ya Mwalimu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Namba ya binti hakuwa nayo. Hakufunga mlango wa karakana. Alitoka kwa mwendo wa haraka, na alipofika kwenye duka la kona mwendo ukawa mbio. Watu walimpisha njia wakimkodolea macho, na alikuwa ameshapita shule na kituo cha mafuta ndipo alipogundua ameishika nyundo mkononi. Hakuwa na muda wa kumweleza mtu. Kichwani aliwaona wote wawili kwa zamu, kwanza Mwalimu, kisha binti na tumbo lake, kila mmoja mdomo wazi na sauti haitoki.

Mwalimu alikuwa ameketi sebuleni na gazeti. Simu ilikuwa kwenye kabati, imezimwa sauti. Aliinua macho, akamwona mtu mlangoni anahema, nyundo mkononi, shati limetoka nje.

"Shikamoo, Mwalimu. Nani yuko bafuni?"

"Marahaba. Mwanangu anaoga. Kwani kuna nini?"

Maji yalisikika yakimwagika. Mshumaa aliiangalia swichi kuu kwenye kona ya ukumbi, kisanduku cha kijivu chenye kishikizo chekundu. Mwalimu angechukua dakika nzima kufika pale. Mwenyewe alikuwa hatua tano. Alipofika, mkono ulikataa kunyooka. Akaigeuza nyundo, akaishika upande wa chuma, kisha akaona anachokifanya, akaishika tena kwa kitambaa cha shati, na kwa ncha ya mpini wa mti akakisukuma kile kishikizo chini. Kilishuka kwa mshindo mdogo. Jokofu likanyamaza. Bafuni binti akapiga ukelele.

Mshumaa alikaa sakafuni pale pale chini ya swichi. Kisha sauti ya binti ikatoka tena, safari hii ikiuliza kwa hasira nani amezima umeme na yeye ana povu mwili mzima, na maji yamekuwa barafu. Mshumaa hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alimwomba Mwalimu amwambie atoke kama alivyo, asiguse ukuta, asishike chuma.

Binti alitoka amejifunga taulo, povu masikioni, yuko tayari kugomba. Alipomwona fundi amekaa sakafuni, jasho usoni, aliacha.

Mshumaa aliwaeleza akiwa amekaa pale pale. Alisema ana wasiwasi kwamba msumari mmoja huenda umegusa waya wa hita. Alisema amekumbuka leo. Hakusema zaidi ya hapo. Aliuliza kama kuna aliyehisi jambo lolote humo ndani. Binti alisema hapana, yeye huo mshikio hautumii, tumbo linamzuia kuufikia.

Mwalimu alikuwa amelikunja gazeti, analikunja tena, mpaka limekuwa dogo kama kitabu.

"Unanitekenya," alisema mwishowe.

"Nini, mama?"

"Ule mshikio. Tangu jana. Nikiushika, mkono unafanya ganzi mpaka hapa." Alijigusa kiwiko cha mkono wa kushoto. "Jana kidogo. Leo asubuhi zaidi."

Binti aliuliza kwa nini hakusema. Mwalimu alimtazama kana kwamba swali lile ni la mtoto mdogo. Daktari alikuwa amemwambia ganzi ya mkono wa kushoto ikirudi asingoje hata saa moja. Ilirudi, naye akangoja siku mbili, kwa kuwa hakutaka kurudi kwenye kile kitanda cha hospitali, na hakutaka kumtia binti yake hofu mimba ikiwa imefika hapo ilipofika. Siku mbili alikuwa amekaa kwenye kiti kile akihesabu vidole vyake, akijisomea gazeti kwa sauti ndogo kupima kama ulimi umeanza kuwa mzito. Usiku uliopita alikuwa ameandika barua ya kumuaga binti yake, akaiweka chini ya vitambaa vya meza.

Haya yote aliyasema bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia Mshumaa.

"Kwa hiyo si kiharusi. Ni wewe."

Mshumaa aliitika, "Naam, Mwalimu," kama alivyoitika akiwa na miaka tisa.

Walimwita fundi umeme, mwanamke wa makamo mwembamba aliyejulikana mitaa yote kwa jina la Fyuzi. Alifika kabla jua halijapoa, na sanduku lake la vifaa begani. Alisikiliza, akavaa viatu vyake vya mpira, akaomba swichi iwashwe kwa dakika moja. Binti aliiwasha. Fyuzi alichukua testa, ile inayofanana na bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, akaigusisha kwenye mshikio. Kitaa kikawaka, chekundu, hafifu, kinapepesa. Mshumaa alikuwa amesimama ukumbini, akakiona kupitia mlangoni. Kikamkaa machoni.

Umeme ulipozimwa tena, Mshumaa alizing'oa mbao tano kwa mikono yake, taratibu, na papi yenyewe. Msumari wa nne ulikuwa umepita katikati ya waya, umeuchana ganda na kulala juu ya shaba. Kati ya kichwa cha msumari na skrubu ya mshikio palikuwa na vidole viwili vya mti. Fyuzi alieleza kwamba mti ulipokuwa mkavu ulikuwa ukuta kati yao. Lakini mvuke wa kuoga mara nne kwa siku ulikuwa umeanza kuulowesha, na kila siku ulivyozidi kulowa, umeme ulizidi kupata njia.

"Wiki moja zaidi," Fyuzi alisema, akiwa amechutama, "ningeitwa na watu wengine, mzee. Si nyinyi."

Hakusema kwa ubaya. Alibadilisha waya wote kutoka kwenye swichi mpaka kwenye hita, akaupitisha ndani ya paipu juu kabisa karibu na dari, ambako hakuna papi, na akafunga kifaa kinachokata umeme chenyewe pale kinapohisi hitilafu ndogo tu. Kesho yake Mshumaa alirudisha mbao. Safari hii kila msumari aliupiga jicho liko kwenye swichi kuu.

Kazi iliisha, lakini Mwalimu hakuingia. Alisema ataingia kesho, na kesho akasema kesho. Alikuwa akiogea beseni chumbani mwake, akijifuta kwa kitambaa. Siku ya tano binti alimpigia Mshumaa simu kwa sauti ya chini. Alisema mama yake hapiti hata mbele ya mlango wa bafu, anazunguka kwa jikoni. Alisema mwenyewe pia anaoga upesi kama mwizi.

Mshumaa alikwenda. Alimweleza Mwalimu kwamba Fyuzi ameupima kila ubao, kwamba kile kifaa kipya kitakata umeme kabla mtu hajakohoa. Mwalimu alimsikiliza kama siku ile ya kwanza, mpaka mwisho, na akamuuliza swali moja.

"Wewe ungeingia?"

Mshumaa hakuweza kumdanganya tena. Alisema atarudi kesho.

Jioni hiyo hakula. Mkewe alizima cherehani, akamgeukia, akamngoja. Alipomsimulia, mkewe hakumwambia usiende wala nenda. Alimuuliza tu kama nyumbani kwao kwa Mwalimu kuna taulo la ziada au achukue la hapa.

Kesho yake alasiri watu walimwona Mshumaa akipita barabarani na taulo la kijani kwapani. Mwuza duka wa kona alimtania kwamba safari hii ameacha nyundo. Mshumaa alimpungia mkono, akapita.

Binti aliwasha hita. Mwalimu aliburuta kiti mpaka mbele ya mlango wa bafu, akaketi kiti kimetazama mlango, fimbo yake mapajani.

"Usifunge kwa ndani," alimwambia. "Na uwe unaongea, nikusikie. Ukinyamaza, mwanangu anazima."

Ndani, Mshumaa alivua nguo akazitundika. Mwerezi ulinukia. Kijasho kilimtoka kabla hata ya maji. Alinyoosha mkono kwenye bomba, akaurudisha, akaunyoosha tena. Kutoka nje Mwalimu aligonga mlango kwa fimbo. Mshumaa akasema yupo. Akalifungua bomba. Maji yalimmwagikia ya baridi, kisha vuguvugu, kisha ya moto. Alisema maji yanatoka. Alisema ni ya moto. Alisema sasa anajipaka sabuni. Kisha akaishiwa cha kusema, na fimbo ikagonga.

Hapo ndipo maneno mengine yakamtoka. Alikuwa ameyabeba siku kumi na tano, na ndani ya ule mvuke, uchi, sabuni machoni, hakuwa na mahali pa kuyaficha.

"Mwalimu, sikukumbuka baadaye. Nilijua siku ile ile."

Alijifuta sabuni machoni.

"Msumari uliingia kirahisi. Mkono wangu ulijua kuna kitu. Nikajisemea lipu imeoza. Sikutaka kuing'oa papi. Nilikuwa nimechoka, nikataka niimalize. Nikakufungia na kile chuma hapo hapo."

Maji yaliendelea kumwagika. Alingoja fimbo. Alingoja kiti kiburutwe, mlango wa mbele ufunguliwe, atupwe nje.

"Huo mkono wako," sauti ya Mwalimu ilisema, karibu sana na mlango, "sasa unasemaje?"

"Unatetemeka, Mwalimu."

"Ushike mshikio."

Alifumba macho. Alisogeza mkono kidogo kidogo, vidole mbele, na alipokigusa kile chuma kilikuwa cha moto, moto wa mvuke tu, na hapo hapo alipiga ukelele mfupi kwa woga kabla hajaelewa kwamba hakuna kitu. Mbio za binti zikasikika ukumbini, swichi ikashuka, maji yakawa barafu.

Alitoka amejifunga taulo la kijani, anatetemeka meno kwa meno. Binti alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja tumboni. Mwalimu alikuwa bado ameketi. Uso wake ulikuwa umepauka, fimbo ameikamata kwa mikono miwili, hata ule wa kushoto. Aliuliza kama ameumia. Mshumaa akasema hapana, aliogopa tu. Mwalimu akatikisa kichwa polepole, akasema na yeye aliogopa, na kwamba mambo aliyoyasikia mle ndani watayazungumza siku nyingine, si leo, leo moyo wake hauna nafasi.

Hakuyazungumza siku nyingine. Alichofanya ni kumwagiza auondoe mshikio wa chuma na amtengenezee wa mti. Mshumaa alichonga mmoja kwa mti mgumu, akaulainisha kwa msasa siku mbili, akaufunga bila msumari hata mmoja, kwa gundi na vigingi vya mti. Siku nne baadaye Mwalimu aliingia bafuni, binti yake amekaa mlangoni. Alioga dakika tatu. Wiki iliyofuata mtoto alizaliwa, wa kike, na nyumba ikapata kelele nyingine za kusikiliza.

Lakini Mwalimu hakurudi kuwa kama zamani. Fyuzi alikuwa amemfundisha kwamba kitu usichokiamini hugusi kwa kiganja, unakigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, ili ukishtuka mkono urudi kwako badala ya kukikamata. Mwalimu aliushika huo ushauri kama sala. Kila siku, kabla ya kuushika ule mti, anaugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, anangoja, kisha ndipo anaushika. Binti yake amemwambia mara nyingi kwamba mti hauna umeme. Anamjibu kwamba anajua.

Mshumaa naye hachukui kazi ya bafu siku hizi bila Fyuzi kupita kwanza na chaki, amchoree ukutani njia ya kila waya. Hata hivyo, msumari ukimwingilia laini anasimama, anang'oa papi, anapasua lipu mpaka aone kuna nini. Mara nyingi hamna kitu. Mwezi uliopita alitoboa mashimo manne kwenye ukuta mpya wa mteja mmoja, yote ya bure, na yule mteja akamfokea mbele ya majirani kwamba ana wazimu. Mshumaa alimwomba radhi, akakoroga saruji, akaanza kuziba.